Kiinua mgongo changu, ekari 16, na trekta la farasi 75

BARUA

Mtaalamu wa safu hii, kamwene.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi kijijini mkoani Njombe. Nilistaafu mwaka jana baada ya miaka 34 ya kushika chaki. Nina ekari 16, lakini haziko pamoja. Ekari sita ni miparachichi ya Hass niliyopanda na marehemu mume wangu, mita saba kwa saba. Sasa ina miaka sita na imeanza kuzaa vizuri. Ekari saba ni za mahindi na maharage, zimekaa tambarare kiasi, udongo wake mwekundu, ukilowa unashika jembe. Ekari tatu za viazi ziko kwenye mlima. Ukipanda na ndoo ya mbolea kichwani lazima upumzike mara mbili kabla hujafika.

Msimu uliopita ndio ulionifikisha hapa. Nililipa fedha ya kulimiwa mwezi wa tisa ili nisichelewe. Mvua ikaanza, mwenye trekta hakuonekana. Kila nikipiga simu naambiwa "kesho mama". Kumbe alikuwa akimalizia mashamba ya wenye ekari 30 na 40 kwanza. Kwangu alifika wiki tatu baada ya mvua kuanza. Nimevuna gunia tisa kwa ekari mahali ninapozoea kuvuna 15. Nililia, sikufichi. Nikasema sitasubiri tena trekta la mtu.

Sasa kila mmoja ana lake. Mwanangu wa kwanza amepata trekta lililotumika kule Makambako: nguvu za farasi 75, linavuta kwa matairi ya nyuma tu, linauzwa pamoja na plau ya diski tatu kwa shilingi milioni 38. Anasema trekta kubwa halichagui kazi, tutalimia na watu wengine na fedha yangu itarudi ndani ya misimu miwili. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, yeye anasema ninunue dogo jipya la farasi 35 linalovuta kwa matairi yote manne. Na jirani anauza pawatila yake, kile kitrekta cha kushika kwa mikono, anasema kwa ekari zangu hiyo inatosha kabisa.

Katika kiinua mgongo changu zimebaki milioni 52. Hakuna nyingine inayokuja baada ya hapo, isipokuwa pensheni ya kila mwezi, nayo unaijua ilivyo.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Huyu mwanangu alikuwa dereva wa lori, kazi ikaisha, sasa ni mwaka wa pili yuko nyumbani na mke na watoto wawili. Trekta hili analiona kama mlango wake. Nikimwambia hapana, ataona mama amemfungia. Nikisema ndiyo na likaharibika, nitakuwa nimekula uzee wangu wote.

Naomba unieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua mashine: kwa shamba kama langu, trekta la ukubwa gani linafaa? Na huyu kijana nizungumze naye vipi?

Mwalimu mstaafu, Njombe

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Na pole kwa gunia zile sita za kila ekari. Pole pia kwa "kesho mama". Mtu aliyelipwa mwezi wa tisa hakupaswa kukuacha wiki tatu kwenye mvua.

Jibu langu nalitoa mapema ili usisome barua yote ukiwa na wasiwasi. La Makambako liache. La farasi 35 ni dogo kwa mahali unapoishi. Pawatila ni mashine nzuri ya majaruba ya mpunga kama yale ya Mbarali, lakini kwenye udongo mwekundu mkavu na milima ya Njombe itakuchosha, maana muda wote unatembea nyuma yake ukiishikilia. Kinachokufaa ni trekta la farasi 45 hadi 50, linalovuta kwa matairi yote manne, jembamba, kwa bei ambayo pamoja na zana zake haizidi milioni 35. Kama halipatikani kwa bei hiyo mwaka huu, usinunue mwaka huu. Nitakueleza namna ya kulima mapema bila kuwa na trekta.

Sasa nikuonyeshe hesabu zenyewe, wewe ni mwalimu, utazisahihisha nikikosea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ulichoumizwa nacho ni kuchelewa, nawe unatafuta dawa ya kuchelewa kwenye nguvu za injini. Tuone kama ipo huko. Miparachichi hailimwi, nitarudi hapo. Mlima wa viazi nao nitaurudia. Kwa hiyo shamba la kulimwa kwa plau kila mwaka ni zile ekari saba, na tukiweka na viazi kwa ukarimu tuseme ekari 10. Plau ya diski tatu hukata upana wa kama sentimita 80. Trekta likienda kilomita tano kwa saa, kwa saa moja limepita mita za mraba 4,000, yaani ekari moja hivi. Lakini kuna kugeuza, kuna mzizi, kuna kushuka kurekebisha diski, hivyo kazi halisi ni kama sehemu saba katika kumi za hiyo. Ekari 10 zinakuwa saa 14. Kwa siku ya saa saba za kazi, hizo ni siku mbili.

Chukua sasa trekta la farasi 50 na plau ya diski mbili, upana sentimita 55. Hesabu ileile inakupa saa 21. Siku tatu.

Umeona, Mwalimu? Kati ya trekta kubwa na la kati, kwako wewe tofauti ni siku moja. Zile wiki tatu zilizokuua hazikuhusu farasi hata kidogo. Zilihusu nani anashika ufunguo na shamba la nani linaanza. Ndiyo maana nasema usilipie nguvu ambayo itakusaidia siku moja kwa mwaka.

Utauliza, basi kwa nini nisishuke hadi 35 kama shemeji anavyotaka? Kwa sababu ya mahali mlipo. Njombe mko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza karibu sehemu moja katika mia kwa kila mita 100 unazopanda. Trekta lililoandikwa 50 kule kiwandani, kwako linafanya kazi kama la 40 na kitu. La 35 linabaki na 28 au 29. Diski moja ya plau kwenye udongo unaoshika inataka kama farasi 20, kwa hiyo hilo dogo litavuta diski moja kwa raha, na ukiliwekea mbili litaguna, litatoa moshi mweusi, na dereva atapunguza kina ili liende. Utakuwa unakwaruza shamba. Watu wengi wanaosema "trekta jipya halina nguvu" tatizo lao ni hili, walisoma namba ya kwenye boneti wakasahau mlima waliojenga nyumba. Ukiona lenye tabo katika daraja la 45 au 50, liweke mbele ya mengine, kwani tabo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu inayopotea.

Shemeji yako, hata hivyo, ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ni muhimu kuliko namba. Matairi manne. Udongo mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Trekta la farasi 75 linalosukuma kwa matairi mawili litazungusha matairi palepale, litachimba mashimo na kuunguza dizeli, wakati la 50 linaloshika kwa matairi manne linapita. Nguvu isiyofika ardhini haikulimii kitu. Kwenye barabara zenu za vijijini mwezi wa pili, na tela nyuma, utashukuru.

Turudi kwenye miparachichi, kwa sababu humo ndimo trekta kubwa litakamokuumiza bila kukupigia kelele. Mizizi inayoilisha miparachichi iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 30 za kwanza. Haina vinyweleo vingi kama mimea mingine, na haipendi kabisa udongo ulioshindiliwa na kutuamisha maji. Hapo ndipo ugonjwa wa kuoza mizizi unapoingia. Kwa hiyo usipitishe plau wala haro, ile zana ya kuvunja mabonge baada ya plau, kati ya mistari. Kazi ya trekta humo ni kufyeka nyasi, kuvuta bomba la kupulizia dawa na kutoa matunda. Kwa kazi hizo farasi 35 hadi 50 ni nyingi. Na kila tani unayoongeza juu ya udongo ule, hasa ukiwa umelowa, ni tani juu ya mizizi ya mti ulioupanda na marehemu. Trekta la 75 huwa na uzito wa karibu tani tatu kabla hujafunga kitu nyuma. La 50 ni kama tani mbili.

Halafu kuna upana. Ulipanda mita saba, ni sahihi, lakini mti wa miaka sita haukai tena kwenye shimo lake. Matawi yakitoka mita mbili na nusu kila upande, umebaki na njia ya mita mbili. Trekta kubwa lina karibu upana huohuo kutoka tairi hadi tairi, na bomba lake la moshi limesimama juu linavunja matawi, na kwa Hass matawi ya chini ndiyo yanayochumwa bila ngazi. Trekta unalotaka kununua lazima lipite humo bila kugusa tunda. Hii peke yake ingetosha kunifanya nikukataze lile la Makambako.

Na mahindi je? Kama unapanda mistari ya sentimita 75, muulize muuzaji kama matairi yanaweza kurekebishwa yawe sentimita 150 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Hapo trekta linapanda mistari miwili katikati ya miguu yake na matairi yanapita kwenye nafasi, palizi linaweza kufanyika bila kukanyaga mimea. Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zisome. Tairi la 16.9 lina upana wa inchi 16.9, karibu sentimita 43. Ndani ya nafasi ya 75 halikuachii kitu. La 13.6 ni kama sentimita 35, linapita.

Mlima wa viazi sasa. Hapa sitacheka na mtu. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye kikundi cha kulimia, nikamwona dereva aliyenifundisha gia akifunga mnyororo wa kisiki juu ya ekseli badala ya kwenye ndoano ya chini. Alitaka kung'oa kisiki haraka jua halijazama. Aliachia klachi, kisiki kikakataa, trekta likainuka mbele na kulala kinyumenyume. Halikuchukua hata muda wa kuita jina lake. Alikuwa na miaka 29. Tangu siku ile huwa sizungumzii ukubwa wa trekta bila kuzungumzia mteremko, na sipendi mtu akiniambia "dereva wangu ni mzoefu".

Kwa hiyo fanya hivi: chukua kamba ya mita 10, shika ncha moja chini kabisa, imegusa ardhi, upande wa juu, mtu mwingine aivute kuelekea bondeni ikiwa imelala sawasawa kama maji, apime kutoka kamba hadi chini. Ikizidi mita moja na nusu, mimi trekta sipandishi, la ukubwa wowote. Kwa jinsi ulivyoeleza kupumzika mara mbili na ndoo, nadhani itazidi. Ekari tatu za viazi ziache kwa jembe la mkono au ng'ombe, na trekta libaki barabarani chini likisubiri kubeba gunia. Trekta lolote mtakalonunua liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva na mkanda wa kufunga, na asipande mtu mwingine. Wajukuu wako wasikae juu ya madigadi hata kama wanalia.

Tela nalo lina sheria yake. Tela isiyo na breki, pamoja na mzigo, isizidi uzito wa trekta linaloivuta, hasa kwenye miteremko yenu. Trekta la tani mbili linaweza kuvuta gunia nyingi kupanda mlima. Kushuka ndiko tela inakosukuma trekta. Kama mnataka kubeba zaidi, nunueni tela yenye breki zake.

Nije kwenye fedha, maana hapo ndipo mwanao amekosea, na amekosea kwa nia njema. Amesema milioni 38 zitarudi kwa misimu miwili ya kulimia watu. Tuseme kulima ekari moja kwenu ni shilingi 70,000. Toa dizeli, ambayo kwa plau kwenye udongo ule ni lita nane hadi 10 kwa ekari ukiweka na safari ya kutoka shamba moja kwenda jingine. Toa dereva, msaidizi, oili, filta, diski zinazolika, tairi linalopasuka. Nikikadiria kwa ukarimu ibaki nusu, 35,000. Gawanya milioni 38 kwa 35,000: unapata ekari 1,085. Vishamba vya majirani ni vya ekari moja, ekari mbili, viko mbalimbali, havina barabara. Kwa siku utalima ekari nne ukijitahidi. Hizo ni siku 271. Msimu wa kulima, ukitoa siku za mvua kubwa na siku za trekta kulala kwa fundi, tuupe siku 45. Ni misimu sita, Mwalimu. Sita, na injini isiguswe ndani ya miaka yote hiyo, kwenye trekta ambalo tayari limezeeka kwa mtu mwingine.

Na siku hizo 45 ni zipi? Ni zilezile unazotaka shamba lako lilimwe. Mwanao atakuwa na simu za watu waliolipa, na wewe utakuwa mama yake, mtu wa kuambiwa "kesho". Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwenye familia zaidi ya moja.

Upande wa shamba lako mwenyewe, hata nikiweka kulima na haro ekari 10, kwa bei za kwenu unalipa kama milioni moja na laki moja kwa mwaka. Hakuna trekta, kubwa au dogo, linalojilipa kwa milioni moja kwa mwaka. Linaanza kuleta maana ukiongeza kufyeka na kupulizia miparachichi, kubeba mbolea na mavuno yako na ya majirani miezi yote, kupukuchua mahindi kwa mashine inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta. Kazi hizi zinaendelea wakati matrekta ya plau yamelala, na zote zinamtaka mnyama wa farasi 45 hadi 50. Mwambie mwanao atafute soko huko. Njombe imejaa miparachichi sasa, na wenye ekari mbili tatu wanapulizia kwa bomba la mgongoni. Dereva makini mwenye trekta jembamba na bomba la kupulizia hatakosa kazi.

Nilisema nitakueleza namna ya kulima mapema. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, matrekta mengi ya kukodi hayana kazi kwa sababu watu wanasubiri udongo ulainike. Tafuta mwenye ripa, lile jembe la meno membamba linalopasua udongo bila kuugeuza. Ripa hupenda udongo mkavu. Ukiwa mkavu ndipo unapopasuka vizuri na kuvunja ule mgando mgumu ambao plau ya diski imeujenga chini kwa kupita kina kilekile kila mwaka. Pasua mistari ya sentimita 75 mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikinyesha unapanda kwenye mstari, humsubiri mtu. Magugu yatakuwa mengi zaidi kuliko ukilima kwa plau, jiandae kwa palizi au dawa. Na fedha usitoe yote: theluthi siku ya kukubaliana, iliyobaki kazi ikiisha, na tarehe iandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Hilo linakupa msimu mmoja wa kutafuta bila presha. Mwezi wa nane nenda Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Matrekta ya kila aina hupangwa pale, na wauzaji hawawezi kukwepa maswali. Kaa kwenye kiti. Kanyaga klachi mwenyewe. Uliza filta ya dizeli, diski ya klachi na pampu ya hidroliki, ile nguvu ya mafuta inayonyanyua plau, vya trekta hilo vinauzwa duka gani Makambako au Mbeya. Ukijibiwa "tutaagiza Dar", songa mbele. Kama mtafikiria mkopo, waulizeni PASS, wanaodhamini mikopo ya kilimo, lakini naomba nyumba isiwekwe dhamana.

Mkipata lililotumika, nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji, na muuzaji asijue saa mtakayofika. Gusa injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, rudini siku nyingine, amewasha asubuhi ili kuficha ugumu wa kuwaka. Iwake ikiwa baridi, tazameni moshi: wa buluu usioisha maana yake inakula oili. Fungueni kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Mvuke ukitoka kwa kusukuma, ringi zimekwisha. Chomoeni kijiti cha oili ya giaboksi, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kuna maji ndani. Kisha nyanyueni plau juu kabisa, zimeni injini, mkae dakika 10 mkizungumza mambo mengine. Plau ikishuka chini yenyewe, hidroliki imechoka. Mita ya saa msiitegemee sana. Tazameni pedali zilivyolika na kiti kilivyokaa, hivyo havirudishwi nyuma.

Sasa kijana wako. Mwalimu, huyu hajakuomba trekta, amekuomba kazi. Ukimjibu habari ya trekta tu, hata jibu liwe sahihi namna gani, atasikia amekataliwa. Mwite jioni, muwe wawili, shemeji asiwepo siku ya kwanza. Anza na kazi: mwambie unataka yeye ndiye awe dereva na msimamizi wa trekta litakalonunuliwa, kwa mshahara wa kila mwezi uliotajwa na sehemu ya faida juu yake. Kisha umpe hesabu ya ekari 1,085 aifanye mwenyewe kwa kalamu. Alikuwa dereva wa lori, anajua dizeli inavyokula fedha, nina hakika ataifikia namba ileile.

Baadaye wekeni haya kwenye maandishi: kadi ya usajili iwe kwa jina lako, kuwe na daftari la saa, linaandikwa kila jioni, trekta limefanya nini, kwa nani, lita ngapi, shamba la mama linalimwa siku tatu za kwanza za msimu, hata mteja awe nani. Na katika zile milioni 52, 17 zisiguswe. Hizo si za trekta wala si za mwanao. Ni za wewe kuumwa, za paa kuvuja, za mwaka ambao parachichi halina bei. Kama akiuliza kwa nini, mwambie ni mimi niliyesema.

Kabla hamjaenda kuangalia trekta lolote, nahitaji vipimo vitatu kutoka kwako: njia iliyobaki kati ya matawi ya miparachichi mahali pembamba kuliko pote, urefu wa tawi la chini kutoka ardhini, na ile kamba ya mlimani. Nendeni pamoja asubuhi moja, wewe na mwanao, yeye ashike ncha ya chini ya kamba, wewe uandike kwenye daftari. Nitumie namba hizo nami nitakujibu kwa trekta lenye jina.